Kabla ya Kujaza Gesi, Tazama Feni

Msimu wa joto ukianza Dar es Salaam, magari yenye tatizo la kiyoyozi huingia gereji na malalamiko yanayofanana. Gari likiwa kasi barabara ya Bagamoyo, AC inapuliza baridi mpaka abiria wa nyuma anaomba ipunguzwe. Likikwama kwenye foleni ya Mwenge, dakika chache tu hewa inakuwa vuguvugu. Foleni ikifunguka, baridi inarudi. Mwenye gari anaambiwa gesi imepungua, anajaziwa, analipa, na jioni inayofuata anatokwa jasho palepale.

Dalili hiyo inasema wazi tatizo lilipo. AC inayopoza gari likikimbia na kushindwa likisimama mara nyingi ina upungufu wa hewa inayopita mbele ya gari. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo wa barabarani unaifanya kazi hiyo bure. Likisimama, kazi yote inaiangukia feni. Kwa hiyo feni ndiyo ya kukaguliwa kwanza, na ukaguzi wake hauhitaji mtungi wa gesi wala hauchukui muda mrefu.

Tuone kwanza kwa nini feni ina uzito huo. AC haitengenezi baridi. Inahamisha joto kutoka ndani ya gari kwenda nje. Gesi ya R134a, inayotumika katika magari mengi tuliyonayo, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri za Selsiasi ikiwa katika shinikizo la kawaida la hewa. Ndani ya dashibodi hugeuka kutoka kimiminika kuwa mvuke, na katika kugeuka hufyonza joto la hewa ya ndani, kama spiriti anayopaka muuguzi kabla ya sindano inavyoondoka na joto la ngozi. Kompresa huuvuta mvuke huo, ikaubana na kuusukuma kwenye kondensa, ile rejeta nyembamba iliyokaa mbele ya rejeta ya injini. Hapo joto hutoka, na mvuke hurudi kuwa kimiminika.

Hewa isipopita kwenye kondensa, joto halina pa kwenda na shinikizo linapanda. Katika Toyota nyingi, swichi ya shinikizo hukata umeme wa kompresa shinikizo likikaribia paundi 450 kwa inchi ya mraba, ili mfumo usipasuke. Kompresa ikikatwa, hewa ya ndani hupata joto. Shinikizo likishuka, inaunga tena. Sasa fikiria gari la namna hiyo limeongezewa gesi. Kimiminika kinajaa kondensa, nafasi ya kutoa joto inapungua, na shinikizo linapanda zaidi ya mwanzo. Fedha imetumika kuiumiza kompresa, ambayo ndiyo spea ya gharama kubwa kuliko zote katika mfumo huo.

Ukaguzi wenyewe ni huu. Egesha gari mahali tambarare, hakikisha halipo kwenye gia, vuta breki ya mkono, washa injini, kisha washa AC kwenye baridi ya mwisho. Fungua boneti na usimame pembeni. Magari mengi madogo yana feni mbili za umeme nyuma ya rejeta, na AC ikiwaka zote mbili huzunguka. Mengine, kama Hilux nyingi, yana feni kubwa inayoendeshwa na mkanda wa injini, na baadhi yana feni ya ziada ya umeme mbele ya kondensa. Usiingize mkono wala kuacha nguo ikining'inia: feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe wakati wowote, na katika baadhi ya magari hata injini ikiwa imezimwa.

Feni ikiwa haizunguki, usikimbilie kununua mpya. Anza na fyuzi yake kwenye boksi la fyuzi. Ikiwa nzima, chomoa rilei ya feni na uweke nyingine ya aina ileile kutoka kwenye boksi hilohilo, kwa mfano ya honi kama zinafanana namba na miguu. Feni ikiwaka, umeshapata jibu kwa bei ya rilei moja. Isipowaka, fundi umeme achomoe soketi ya feni na kuipa mota umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mota ikizunguka kwa nguvu, ugonjwa uko kwenye waya, kwenye swichi, au kwenye waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi ukashika kutu. Mota ikigoma, kisha ikashtuka na kuzunguka baada ya kugongwa taratibu kwa mpini wa bisibisi, brashi zake za kaboni zimeisha. Leo itazunguka, wiki ijayo itakuacha barabarani.

Kuna feni inayozunguka lakini haifanyi kazi. Mota iliyochoka huzunguka polepole. Feni iliyobadilishwa ikaungwa waya kinyume huzunguka upande usio wake, ikausukuma upepo mbele badala ya kuuvuta. Chukua karatasi nyepesi uiweke mbele ya grili wakati feni za nyuma ya rejeta zinafanya kazi: inatakiwa ivutwe na kung'ang'ania pale. Ikidondoka au ikirushwa nje, una jibu. Angalia pia kava la plastiki linaloizunguka feni. Magari mengi yaliyowahi kugongwa mbele hurudi barabarani bila kava hilo, na feni inaishia kuzungusha hewa ileile ya moto. Kwa gari lenye feni ya mkanda, kitovu chake chenye mafuta ndani kikichoka, feni huteleza na hewa hupungua, hasa injini ikiwa sailensi.

Usisahau uchafu. Vumbi la barabara za udongo, wadudu na majani hujazana kati ya kondensa na rejeta, mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi. Pitisha maji ya presha ndogo, injini ikiwa imepoa. Mashine ya presha kubwa ya kuoshea magari hulaza mapezi ya kondensa na kuziba njia uliyotaka kuifungua.

Feni hizohizo ndizo zinazoilinda injini. AC inayokufa kwenye foleni huku mshale wa joto ukipanda ni onyo la mapema kwamba injini itachemsha. Zima AC, tafuta pa kuegesha, na usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto.

Gesi inaingia kwenye mazungumzo baada ya feni kuthibitika nzima, AC ikiwa dhaifu hata gari likikimbia. Hapo tukumbuke kwamba gesi haitumiki ikaisha kama petroli; ikipungua, imevuja. Doa la mafuta lililoshika vumbi kwenye maungio ya mabomba ndiyo alama ya mahali inapotokea. Fundi azibe kwanza, avute hewa na unyevu wote kwa pampu, kisha ajaze kwa mizani kwa kufuata gramu zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti. Mizani ina sababu. Injini ikiwa imezimwa na joto likiwa nyuzi 30, geji itasoma karibu paundi 97, iwe gesi imejaa au imebaki nusu, ilimradi kimiminika kimebaki ndani. Geji peke yake haiwezi kukwambia kiasi kilichomo.

Na gesi inayovuja haipotei hivihivi. Kilo moja ya R134a hupasha joto dunia mara zaidi ya 1,000 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali, Rwanda, kupunguza hatua kwa hatua gesi za jamii hiyo. Kujaza gari linalovuja kila baada ya miezi michache ni hasara ya mfuko na ya hewa tunayoishi nayo.

Kwa hiyo ukifika gereji na AC iliyokataa foleni, usianze kwa kuulizia bei ya gesi. Mwombe fundi akuonyeshe feni zikizunguka, kisha akuonyeshe panapovuja, kisha mizani yake. Fundi anayekubali kukuonyesha hayo matatu kwa mpangilio huo, mpe kazi.