Kupogoa Mwaridi: Tusiogope Kisu

Mwezi huu wa saba, baridi ikiwa bado asubuhi, tunataka tuongee juu ya maua. Tunajua wengine watasema: maua tena? Mihogo ndiyo inatulisha, maua inalisha nani? Ni swali zuri, tutalijibu mwishoni. Kwanza tueleze namna jambo lenyewe lilivyotufikia.

Mwaridi wa mama jirani

Sisi ni walimu wawili wa kujitolea, tunakaa nyumba moja. Jirani yetu alikuwa mama mmoja aliyefika 2017, wakati jamaa nyingi zilipokimbia mapigano ya Tanganyika na Haut-Katanga, zikavuka mpaka upande wa Chienge, zikapitia Kenani, na kuanzia 2018 zikaletwa hapa Mantapala. Pale Chienge bibi mmoja wa kijiji aliwapa maji na mahali pa kulala, yeye na watoto. Uani kwa yule bibi kulikuwa na mwaridi, ule mti wa maua tunaouita roza. Siku mama alipopata ruhusa akarudi Chienge kushukuru, bibi alimkatia vijiti vitatu, akavifunga katika kitambaa chenye maji. Viwili vilikauka. Kimoja kilishika, kikakua karibu na mlango wake.

Mwezi wa kumi na mbili 2021 safari za kurudi Pweto kwa hiari zilianza. Mama naye aliandikisha jina, na baadaye zamu yake ikafika. Siku ya kuondoka alituonyesha ule mti, akasema: “Bamwalimu, mutanichungia ile maua yangu.”

Tuliichunga kwa kuogopa. Tulimwagilia, tukafukuza mbuzi, lakini hatukukata hata kijiti kimoja. Kitu cha mtu, utakikata namna gani? Baada ya miaka miwili mti ulikuwa kichaka. Matawi yalipita mlango, katikati kulikuwa kukavu, majani yalijaa madoa meusi. Maua yalikuwa matatu, madogo, juu kabisa.

Ndipo papa mmoja mzee, aliyefanya kazi ya bustani kwenye misheni upande wa Moba, alipita akasimama. Akasema: “Hamuichungi hii. Munaiua polepole.” Akaomba kisu. Alikata mpaka mti ukabaki kimo cha goti. Watoto wa shule walisimama wanaangalia, mmoja akaanza kulia: “Mama akirudi, atasema nini?” Kusema ukweli, sisi pia hatukulala vizuri usiku ule.

Wiki ya tatu vichipukizi vyekundu vilitoka kila upande. Wiki ya saba ua la kwanza lilifunguka. Kabla mvua haijaanza tulihesabu maua 17.

Kwa nini kukata kunasaidia

Mwaridi hutoa maua mazuri kwenye tawi changa. Tawi la zamani sana linakuwa gumu, linakula nguvu ya mizizi, linatoa maua machache. Tukiliondoa, nguvu ileile inaenda kwa machipukizi mapya. Tena mti uliofungana katikati haupitishi hewa, majani yanakaa na maji, na ugonjwa unapenda hapo. Kule Kenya, karibu na ziwa Naivasha, ambako waridi hulimwa kwa kuuzwa Ulaya, kisu hakipumziki: kila ua linapokatwa, chini yake chipukizi jingine linaanza.

Namna ya kufanya

Wakati. Kata mwezi wa saba au mwanzo wa mwezi wa nane, baridi inapoelekea kuisha. Usikate sana katikati ya mvua, sababu kidonda kibichi na unyevu huleta kuoza.

Kisu. Mkasi wa bustani ni mzuri, lakini wengi hatuna. Kisu kilichonolewa vizuri kinatosha. Panga butu linaponda tawi, na tawi lililopondwa linakauka mpaka chini. Safisha kisu kwa maji ya moto kabla ya kuanza, na tena ukitoka kwenye mti mgonjwa kwenda kwenye mzima. Funga mkono kwa kitambaa kizito. Mwiba ukiingia ndani, osha kwa sabuni, na kama kidonda ni kirefu nenda kliniki, uulize pia chanjo ya pepopunda.

Kukata. Tuanze na vitatu hivi: yaliyokauka, yenye ugonjwa, na yanayosuguana. Hayo yote yaondoke mpaka chini. Kiisha tuangalie yaliyobaki. Mti wa kawaida tunaupunguza sehemu moja katika tatu tu. Ule wetu ulikatwa mpaka goti kwa sababu ulikuwa umeachwa miaka mingi. Kila mahali unapokata, tafuta jicho. Wote tunajua macho ya kijiti cha muhogo. Mwaridi nao una macho hivyohivyo. Chagua jicho linaloangalia nje, kata juu yake kidogo, kama nusu ya upana wa kidole, kwa mshazari, ili maji yateremke. Jicho linaloangalia ndani litaleta tawi ndani, na kichaka kitarudi.

Ua linapokwisha. Usiache ua kavu kwenye mti. Kata ua pamoja na kijiti chake mpaka kwenye jani la kwanza lenye vijani vitano. Hapo lingine litatoka.

Matawi ya miiba. Tusiyatupe njiani, watoto wanatembea peku. Tumezungushia yetu bustani ya mchicha, na mbuzi wamejifunza adabu. Yale yenye ugonjwa tunayachoma.

Maji, mbolea na wadudu

Foleni ya maji tunaijua wote. Hakuna haja ya kuchotea maua maji safi. Maji yaliyoosha mboga au vyombo yanatosha, yakipoa, yasiwe na javeli. Mwaga chini kwenye udongo, usimwage juu ya majani. Mara mbili kwa wiki, ndoo nusu kila mara, ni bora kuliko kikombe kila siku, maana maji yanafika kwenye mizizi. Lakini shimo la kumwagilia lisikae na maji kama kidimbwi. Malaria ya Nchelenge tunaijua sote, tusiwafugie mbu mlangoni.

Udongo wetu ni wa mchanga, haushiki chakula. Weka samadi ya mbuzi iliyokauka na kuoza, makopo mawili kuzunguka mti, baada ya kupogoa na tena mvua ikianza. Samadi mbichi inachoma mizizi. Ukifunika udongo kwa majani makavu, acha nafasi ya kiganja kimoja kabla ya shina, sababu mchwa hupitia humo mpaka kwenye mti.

Madoa meusi yanakuja na mvua. Ni ukungu. Jani linapata doa, linakuwa njano, linaanguka. Okota yale yaliyoanguka, yachome au yafukie mbali. Vile vijidudu vya kijani vinavyojazana kwenye ncha laini, visugue kwa vidole au mwagia maji yenye sabuni kidogo. Wale wadudu wekundu wa mviringo wenye madoa meusi muwaache, wao ndio wanaokula vile vya kijani.

Kupata mti mpya bila pesa

Matawi mazima mliyokata ni mbegu. Chagua la unene wa penseli, urefu wa shibiri moja. Ondoa majani ya chini, bakiza mawili juu. Chomeka katika kopo lenye matundu chini na udongo wenye mchanga, sehemu mbili katika tatu ziingie, jicho moja au mawili yabaki juu. Weka kivulini, udongo usikauke na usilowe sana. Ngoja wiki sita mpaka nane. Watoto wetu walikuwa wanavuta kila asubuhi kuona kama mizizi imetoka, na vile walivyovuta vyote vilikufa. Kati ya 12 tulivyochomeka, 7 vilishika. Hamisha mvua ikianza, hatua moja na nusu kutoka ukutani.

Sasa lile swali

Maua inalisha nani? Haimlishi mtu, tusidanganyane. Shamba la mihogo lipite kwanza, na mtu asiyekuwa na nguvu ya kuchota maji asijiongezee mzigo. Lakini wengi wetu tumeacha kupanda kitu chochote kinachochukua zaidi ya mwaka, tukisema: sijui nitakuwa hapa mpaka lini. Yule mama hakujua naye, akapanda. Leo ule mti una watoto katika nyumba saba.

Mwaka jana alitupigia simu kutoka Pweto. Kiisha salamu akauliza maua yake. Tulimwambia ukweli, kwamba tuliikata mpaka goti. Akanyamaza. Akauliza: “Ilikufa?” Tukamwambia ya zile 17. Alicheka sana, akaanza kutuuliza tulikata wapi, na kisu gani, sababu huko naye amepata kijiti kwa jirani.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa tatu asubuhi, tutapogoa mwaridi huo tena mbele ya nyumba yetu. Anayetaka kujifunza aje na kisu chenye makali, kitambaa kizito na kopo lenye matundu. Vijiti ni bure, viwili kwa kila jamaa mpaka viishe. Wazazi, mkija na watoto wadogo, wavalisheni viatu.