Bega Likigoma, Moyo Nao Huumia

Tuangalie maradhi yasiyoonekana kwa macho: bega lililoganda. Aliyelipa jina hilo, mwaka 1934, ni Ernest Codman, daktari mpasuaji wa Boston, Marekani. Mgonjwa wake hana kidonda wala bendeji. Hata picha ya eksirei mara nyingi haionyeshi kasoro. Ndipo huanza minong'ono nyumbani na kazini: huyu mvivu, huyu anadeka, au katupiwa kitu na watu.

Ukweli ni huu. Kiungo cha bega kimezungukwa na mfuko mwembamba unaonyumbuka. Maradhi yakiingia, mfuko huo hupata uvimbe, kisha huwa mnene na kusinyaa kama ngozi iliyoanikwa juani. Mara nyingi chanzo hakijulikani. Wanaopatwa zaidi ni watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na hasa wenye kisukari. Wengine hupatwa baada ya mkono kukaa muda mrefu bila kutumika, kwa mfano ukivunjika.

Kwanza huja maumivu, makali hasa usiku. Baadaye maumivu hupungua lakini bega hukaza. Mwisho hulegea polepole. Safari nzima huweza kuchukua mwaka 1 hadi 3, na baadhi ya watu hubakiwa na ugumu kidogo.

Hebu mfikirie mama asiyeweza kusuka nywele, kujitwisha ndoo wala kumfunga mtoto mgongoni; au fundi rangi asiyefikia dari. Usiku akigeukia upande huo hushtuka. Asubuhi huamka amechoka, hasira ziko karibu. Maumivu hufukuza usingizi, na kukosa usingizi huzidisha maumivu. Kisha huingia hofu: anaogopa kuusogeza mkono, na mkono usiosogezwa huzidi kukaza. Huzuni na wasiwasi navyo huyafanya maumivu yasikike makali zaidi. Hatusemi kwamba maumivu hayo ni ya kubuni. Mwili na moyo ni majirani wa ukuta mmoja. Kwa huyu kukiungua, kwa yule moshi huingia.

Tufanyeje basi? Kwanza ni hospitali, ili daktari ahakikishe si maradhi mengine, na apime sukari. Dawa za maumivu husaidia. Sindano ya steroidi kwenye kiungo huweza kuleta nafuu, hasa mwanzoni. Lakini mwenye kisukari aseme mapema, maana huweza kupandisha sukari kwa muda. Yapo na mazoezi mepesi ya kila siku: inama, uache mkono uning'inie, uyumbe taratibu kama timazi ya mwashi. Ukivaa shati, anza na mkono unaouma. Ukivua, malizia nao. Ukilala, weka mto chini ya mkono. Wala usikubali mtu auvute kwa nguvu. Bega hili halifunguliwi kwa mabavu. Na kama huzuni imekulemea, mweleze daktari hilo pia, bila haya.

Nanyi mnaoishi naye, kabla ya kumwuliza mbona hajafua, mwulizeni amelalaje. Msaidieni kazi nzito, lakini msimfanye kiwete. Mwachieni zile anazoziweza. Anayeaminiwa kwamba anaumwa hupata nguvu ya kusubiri, na maradhi haya, zaidi ya yote, yanataka subira.