Mwili ni Amana: Tahadhari juu ya Sindano za Peptidi

Miongoni mwa mambo yaliyoenea katika kumbi za mazoezi za Marekani na Ulaya ni sindano za peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi-amino, vitu vile vile vinavyojenga protini mwilini. Wako vijana wanaojidunga wenyewe, tena hawatosheki na aina moja. Huchanganya mbili, tatu, hata nne.

Hoja yao inavutia. BPC-157 na TB-500 husifiwa kuwa huponya kano na misuli. CJC-1295 na ipamorelin huihimiza tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, itoe homoni ya ukuaji: ya kwanza huiga amri itokayo ubongoni, ya pili huiga homoni ya njaa. Basi husemwa kwamba jozi moja itatibu na nyingine itajenga.

Lakini ushahidi uko wapi? BPC-157 imechunguzwa kwa miaka mingi mjini Zagreb, Croatia, ila sehemu kubwa ya majaribio ilifanywa kwa panya. Yaliyofanywa kwa wanadamu ni machache na madogo. Vichupa vingi huandikwa kuwa ni vya utafiti, si vya matumizi ya binadamu. Maandishi hayo humkinga muuzaji, hayamkingi mnunuzi. Mwaka 2022 shirika la WADA liliipiga marufuku BPC-157 michezoni, na zile tatu nazo zimekatazwa. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilizitaja BPC-157, CJC-1295 na ipamorelin miongoni mwa vitu vinavyotia wasiwasi juu ya usalama.

Kuchanganya hakuongezi ushahidi, bali huzidisha giza. Homoni ya ukuaji ikizidi, sukari huweza kupanda, viungo vikauma na miguu ikavimba. Aliyejidunga aina nne atajuaje ni ipi iliyomdhuru?

Tuzingatie yaliyopita. Kati ya mwaka 1963 na 1985, watoto wapatao 7,700 nchini Marekani walitibiwa kwa homoni ya ukuaji iliyotolewa katika tezi za maiti. Ilikuwa tiba ya kweli, na watoto walirefuka. Mwaka 1985 ikasimamishwa, baada ya baadhi ya waliotibiwa kufa kwa ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob, uliojificha miilini mwao kwa miaka mingi. Ikiwa tiba iliyosimamiwa na madaktari ilificha dhara kubwa namna hiyo, itakuwaje kwa kichupa kisicho na daktari?

Enyi wazazi, mwili ni amana. Mkiona sindano chumbani mwa kijana, muulizeni kwa upole kabla ya kumkemea, kisha mfuataneni naye kwa daktari. Na mkumbusheni kwamba homoni ya ukuaji anayoitafuta, mwili huitoa kwa wingi katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku, bila sindano wala malipo.