Mvulana Aliyepanda Treni ya Mizigo

Wajukuu zangu, mnazijua zile matatu za Limuru zinazopita hapa Kinoo? Huko ziendako ndiko alikozaliwa mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, mwaka 1938.

Mwaka 1947 mama yake, Wanjiku, alimuuliza kama angependa kwenda shule. Mtoto alipigwa na butwaa, maana hiyo ndiyo iliyokuwa hamu ya moyo wake. Mama hakumficha kitu: sisi ni maskini, siku nyingine utashinda bila chakula cha mchana. Akamtaka aahidi kwamba njaa haitamtoa shuleni, na kwamba atajitahidi kwa uwezo wake wote. Mmkumbuke sana mama huyu. Yeye mwenyewe hakujua kusoma.

Mwaka 1955 Ngũgĩ akapata nafasi katika shule ya upili ya Alliance, pale Kikuyu, jirani zetu kabisa. Ilikuwa enzi ya hali ya hatari. Mkoloni alikuwa akipigana na Mau Mau, wapiganaji wa uhuru, na Mkikuyu hakuruhusiwa kusafiri bila kibali. Kijana akafika stesheni ya Limuru na sanduku lake, akaulizwa kibali. Hana. Treni ya abiria ikaondoka, yeye akabaki analia. Mfanyakazi mmoja wa reli akamhurumia, akampakia kwenye treni ya mizigo, katikati ya vifaa vya kazi. Akafika Kikuyu hivyo hivyo.

Kabla ya hapo alikuwa amebishana na rafiki yake. Rafiki alishikilia kwamba huwezi kuandika kitabu bila leseni, ukithubutu, utakamatwa. Ngũgĩ akakataa katakata. Hapo ndipo ninapotaka mtege masikio, maana baadhi yenu mnangoja mtu awape leseni ya kuwa mchoraji, mwanariadha au fundi wa ndege. Mwenzenu hakungoja. Akiwa bado mwanafunzi Makerere, Uganda, alikuwa tayari anaandika riwaya, na Weep Not, Child ikatoka mwaka 1964.

Na yule rafiki? Hofu yake haikuwa ya bure. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu waliigiza tamthilia ambayo Ngũgĩ aliiandika kwa Kikuyu pamoja na Ngũgĩ wa Mirii. Serikali haikuipenda; mwaka ulipokuwa ukiisha, polisi wakamchukua, akafungwa gereza la Kamiti bila kushtakiwa. Safari hii serikali haikuwa ya mkoloni, ilikuwa yetu wenyewe, na hilo linaniuma hadi leo. Huko gerezani akaandika riwaya nzima kwenye karatasi za chooni. Zilikuwa ngumu, za kumkwaruza mfungwa, lakini kalamu ilizipenda.

Aliachiliwa Desemba 1978, na mwaka 1980 riwaya hiyo, Caitaani Mũtharaba-inĩ, ikachapishwa. Watu waliisoma kwa sauti wakisikilizana: nyumbani jioni, ndani ya matatu, hata kwenye baa, ambako msomaji alinyamaza penye utamu mpaka wamjazie glasi yake.