Makisio ya Kazi za Kesho, na Jinsi ya Kuyasoma

Kila mwanzo wa mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, swali moja husikika katika nyumba nyingi za Kenya, za mjini na za shamba: "Mtoto huyu asomee kazi gani?" Si swali dogo. Karo ya chuo hulipwa kwa ng'ombe aliyeuzwa, au kwa malipo ya chai ya msimu mzima, au kwa mkopo wa chama cha ushirika. Na fedha hizo zikiisha kutumika hazirudi. Kwa hiyo watu hutega masikio wasikiapo kwamba kazi fulani inakua upesi, au kwamba nchi itahitaji watu elfu kadha wa ufundi fulani katika miaka kumi ijayo. Hesabu za namna hiyo huitwa makisio ya kazi. Yana faida kubwa kwa mtu ajuaye kuyasoma, na yaweza kumpoteza asiyejua. Makala haya yanaeleza jinsi yanavyotengenezwa, na mambo manne ambayo yafaa kila mzazi na kila kijana ayaulize kabla ya kuyafuata.

JINSI YANAVYOTENGENEZWA

Mwenye kukisia kazi si mpiga ramli. Kwanza huhesabu watu walio kazini leo, kazi kwa kazi: waalimu wangapi, waashi wangapi, madereva wangapi, makarani wangapi. Pili hutazama kila tawi la uchumi, kama ujenzi, biashara, uchukuzi na matibabu, akakadiria kama litapanuka au litapungua. Tatu hutazama mchanganyiko wa watu katika kila tawi, maana hospitali ikipanuka haihitaji wauguzi peke yao, bali pia wapishi, walinzi, madereva na mafundi wa umeme. Nne huongeza nafasi zitakazoachwa wazi na watu watakaostaafu, watakaofariki, au watakaohamia kazi nyingine.

Hesabu hiyo yote imejengwa juu ya sharti moja, yaani kwamba mambo yataendelea karibu kama yalivyo. Ukame, ugonjwa au chombo kipya chaweza kuivunja. Mwaka 1965 hapakuwa na mtu aliyeweza kukisia kwamba siku moja maelfu ya Wakenya watapata riziki yao kwa kupokea na kutoa fedha kwa njia ya simu ya mkononi. Huduma ya M-Pesa ilianza mwaka 2007. Hali kadhalika mpiga taipu wa ofisini, ambaye kazi yake ilidhaniwa kuwa ya kudumu, alipokonywa kiti na kompyuta. Basi makisio hutuonyesha upande ambao njia inaelekea, lakini hayawezi kutuahidi kwamba tutafika.

JAMBO LA KWANZA: KUKUA KWA KIASI GANI, NA KUTOKA WANGAPI?

Kazi yaweza kukua upesi sana na bado ikawa na nafasi chache. Tuseme kaunti moja ina mafundi 40 wa kutengeneza majokofu, nao wanatazamiwa kuwa 80 katika miaka kumi. Hilo ni ongezeko la 100 kwa mia, na likiandikwa gazetini litapendeza macho. Lakini watu walioongezeka ni 40 tu, yaani wanne kwa mwaka. Wakati huo huo waashi 5,000 wakiongezeka kwa 10 kwa mia, nafasi mpya zitakuwa 500.

Mfano wa kweli hupatikana Marekani, ambako idara ya takwimu za kazi hutoa makisio ya miaka kumi kwa nchi nzima, na kila jimbo nalo hufanya ya kwake. Katika makisio ya tangu 2023 hadi 2033, kazi iliyotangulia zote kwa upesi wa kukua ilikuwa ile ya ufundi wa mitambo ya umeme wa upepo: 60 kwa mia. Walakini mafundi hao mwaka 2023 walikuwa kama 11,400 tu katika nchi ile kubwa, kwa hiyo ongezeko lote la miaka kumi lilikisiwa kuwa watu kama 6,800. Kazi ya kuwatunza wazee na wagonjwa nyumbani ilikisiwa kukua kwa 21 kwa mia. Lakini kwa kuwa walioifanya walikuwa karibu milioni 4, ongezeko lake lilikuwa zaidi ya watu 820,000. Hiyo ndiyo kazi wanayoifanya Wakenya wengi waliohamia huko.

Nasi hapa tunayo mitambo ya upepo 365 karibu na Ziwa Turkana, katika kaunti ya Marsabit. Kuijenga kulihitaji mikono mingi. Kuitunza kunahitaji mafundi wachache wenye ujuzi mwingi. Kijana anayevutwa na kazi ya namna hiyo asikatazwe, ila ajue kwamba mlango ni mwembamba na wanaosimama mbele yake ni wengi.

JAMBO LA PILI: NAFASI MPYA, AU NAFASI ZILIZOACHWA?

Watu wengi hudhani kwamba kazi isiyokua haina nafasi. Sivyo. Turudi kwenye mfano wetu wa kaunti. Tuseme ina waalimu 1,000, na baada ya miaka kumi inatazamiwa kuwa na 1,100. Nafasi mpya ni 100. Lakini katika miaka hiyo kumi waalimu 250 watastaafu, na wengine 50 watafariki au kuacha kazi. Basi nafasi zote zitakuwa 400, na katika hizo 300 ni za kujaza pengo. Mtu aliyetazama ukuaji peke yake ameona robo tu ya nafasi zilizopo.

Sasa tutazame upande wa pili wa mizani. Ikiwa vyuo vya kaunti hiyo vinatoa waalimu 100 kila mwaka, katika miaka kumi watakuwa 1,000 wanaogombea nafasi 400. Kwa hiyo haitoshi kujua nafasi ni ngapi. Yapasa kujua pia wanaosomea kazi hiyo ni wangapi.

Nafasi za kujaza pengo hutegemea sana umri wa wafanyakazi na sheria ya kustaafu. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya iliongeza umri wa kustaafu wa watumishi wake kutoka miaka 55 hadi 60. Watumishi waliokuwa karibu kuondoka waliendelea kukaa, na vijana waliokuwa wakitazamia viti vyao wakangoja zaidi. Kwa amri moja tu, makisio ya nafasi yalibadilika.

Hata hivyo yapo mapengo yasiyo ya kufurahia. Makisio yale ya Marekani yalisema kwamba kazi ya keshia wa dukani itapungua kwa 11 kwa mia, na huku nafasi zaidi ya 500,000 zikikisiwa kuwa wazi kila mwaka. Sababu ni kwamba wengi huiacha. Kazi ambayo watu huingia na kutoka kila siku kama watu wa sokoni, mara nyingi ni kazi ya mshahara mdogo au ya taabu nyingi. Kwa hiyo uonapo nafasi nyingi, uliza waliotangulia waliondoka kwa sababu gani: kwa uzee, au kwa kukimbia?

JAMBO LA TATU: HAJA SI MSHAHARA

Hapa ndipo familia nyingi za Kenya zilipoumia. Watoto 80 wakisongamana katika darasa moja, kila mpita njia huona kwamba mwalimu wa pili anahitajika. Wagonjwa wawili wakilala kitanda kimoja, hapana haja ya mtaalamu kutuambia kwamba wauguzi ni wachache. Mzazi akiona hayo husema, "Kazi hii haiwezi kukosa watu wa kuiajiri," akauza shamba lake.

Lakini haja peke yake hailipi mshahara. Mwalimu wa shule ya serikali huajiriwa pale fungu la fedha linapopitishwa na Bunge, na muuguzi wa hospitali ya kaunti huajiriwa pale kaunti inapotenga fedha. Ndiyo maana waalimu wenye vyeti hungoja miaka kadha nyumbani, huku shule za jirani zikilia kwa upungufu. Na ndiyo maana mwezi wa Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kuwapa kazi Uingereza wauguzi wa Kenya waliokuwa hawana kazi, ijapokuwa hospitali zetu wenyewe zilikuwa zikiwahitaji.

Basi usomapo kwamba nchi "itahitaji" watu wa kazi fulani, tafuta maana ya neno hilo. Je, ni hesabu ya watu ambao ingefaa wawepo, au ni hesabu ya watu ambao mishahara yao imekwisha tengwa? Hesabu ya kwanza ni nzuri kwa wapangaji wa mambo ya nchi. Ya pili ndiyo inayomhusu mtu anayelipa karo.

JAMBO LA NNE: KAZI ZISIZOANDIKWA

Jambo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote kwa nchi yetu. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, vyeo vingi vya juu vilikuwa mikononi mwa wageni. Mwaka 1965 Serikali ilitoa kitabu cha makisio ya watu wenye elimu ya juu watakaohitajika nchini tangu 1964 hadi 1970. Lilikuwa jambo la busara, kwa maana nchi haikuweza kuendeshwa bila madaktari, wahandisi, mahakimu na makarani wake yenyewe. Lakini makisio hayo yalihusu watu wachache waliosoma sana. Wale wengi waliomaliza shule ya msingi hawakuwa na mahali katika hesabu hiyo. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti ambayo jina lake lilikuwa swali: baada ya shule, nini? Ndipo vikaanza vyuo vidogo vya ufundi vya vijijini, ambavyo leo vimo chini ya serikali za kaunti.

Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa waliokuja kuchunguza mambo ya kazi nchini walitoa taarifa ambayo imesomwa ulimwenguni pote. Walionyesha kwamba maseremala, washona viatu, wafua mabati na wachuuzi waliokuwa wakifukuzwa mijini walikuwa wakifanya kazi ya kweli yenye faida kwa nchi, ingawa hawakuwa na leseni wala hawakuandikwa katika daftari la mwajiri. Baadaye sisi wenyewe tuliziita kazi hizo jua kali.

Hesabu za Serikali zinaonyesha uzito wake. Mwaka 2024, mbali na kilimo cha mashamba madogo na ufugaji wa kuhamahama, nafasi mpya za kazi nchini zilikuwa 782,300. Katika hizo, 703,700 zilikuwa za jua kali, yaani tisa katika kila kumi. Zilizobaki, 78,600 tu, zilikuwa katika upande wa kazi rasmi. Na mwaka huo huo watahiniwa zaidi ya 960,000 walifanya mtihani wa kidato cha nne. Ni kweli kwamba hesabu hiyo ya 78,600 ni ya ongezeko tu, na haionyeshi viti vilivyoachwa na waliostaafu, kama tulivyokwisha eleza. Walakini hata vikiongezwa, ni wazi kwamba vijana wengi watapata riziki mahali ambapo hapana barua ya kuajiriwa.

Haifuati kwamba elimu ni bure, wala kwamba kila kazi ya jua kali ni njema. Nyingi hazina pensheni wala bima, na mapato yake hupanda na kushuka. Maana yake ni kwamba ujuzi unaoweza kutumika pande zote mbili, kwa mwajiri na kwa kujitegemea, una usalama zaidi kuliko cheti kinachofungua mlango mmoja tu. Fundi wa umeme, fundi wa bomba, mpishi au makanika akikosa kampuni anaweza kupata mteja.

YA KUFANYA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na karo ni mali. Kabla ya kuitoa, mzazi na kijana wake wafanye uchunguzi mdogo wao wenyewe. Waende chuoni wakaulize waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi sasa, na wasikubali kuonyeshwa yule mmoja aliyefanikiwa. Wawatazame wanaoifanya kazi hiyo katika kaunti yao: ni wazee wanaokaribia kuondoka, au ni vijana watakaokaa miaka thelathini? Waulize mshahara hutoka kwa nani. Na ikiwa ni ufundi wa mikono, waulize kama kuna mtihani wa ufundi wa Serikali ambao mwanafunzi ataufanya, kwa kuwa cheti chake hutambuliwa na waajiri hata pale ambapo fundi amejifunza kazi barabarani.

Baada ya hayo, makisio ya wataalamu yatawafaa kwa kazi yake hasa: kuwaonyesha wapi pa kuanzia kuuliza.