Kinachoua koloni ni spea

Ndugu wasikilizaji, mazungumzo ya wiki hii yanaanzia mbali kidogo, katika sayari ya Mirihi. Naomba msinikimbie. Tutashuka, na tutakaposhuka tutatua katika Bonde la Kilombero.

Mwezi uliopita nilikwenda Ifakara kumsalimia dada yangu. Shemeji yangu ana mashine ya kukoboa mpunga, na ndiyo inayosomesha watoto wa nyumba ile. Nilipofika niliikuta kimya. Shafti imekatika. Fundi wa pale mjini alikuwa ameichomelea, ikakoboa siku mbili, kisha ikakatika palepale. Magunia ya watu yamepangwa hadi barazani, wenyewe wanapita asubuhi na jioni kuuliza, na shemeji anawajibu neno moja kila siku: "Kesho." Shafti ilikuwa imepakiwa kwenye basi kwenda Dar es Salaam, kuchongwa upya.

Basi jioni ile, mpwa wangu, kijana wa chuo aliyekuwa likizo, akanifuata huku uso umemshuka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mjomba, watu wangu wote wamekufa."

Moyo ulinipasuka. Kumbe alikuwa anazungumzia mchezo wa kompyuta. Nikataka kumkemea, lakini aliponionyesha walivyokufa, nikavuta kiti. Tulikaa hadi usiku wa manane, na nilichojifunza kwenye kiti kile ndicho ninachotaka tuzungumze leo.

Mchezo wenyewe unaitwa Surviving Mars. Ulitoka mwezi Machi 2018, na ulitengenezwa na kampuni ya Haemimont Games ya mjini Sofia, Bulgaria. Si mchezo wa kupigana bunduki. Ni mchezo wa uchumi. Wewe unapewa fungu la fedha na roketi, unachagua mahali pa kutua katika Mirihi, kisha unaambiwa: haya, jenga makazi ya watu.

Roketi ya kwanza haibebi mtu. Inabeba roboti na vifaa. Roboti zinasimamisha mtambo wa kuchimba udongo wa kutengenezea zege, zinaokota vyuma, zinasimamisha mitambo ya umeme wa jua na wa upepo, mitambo ya kuvuta maji na mitambo ya kutengeneza hewa ya kupumua. Halafu unajenga kuba kubwa la kioo, kwa sababu nje ya kuba mtu hapumui. Hayo yakikamilika ndipo unawaita watu wa kwanza, kwa kawaida kumi na wawili. Hao ni kama wajumbe wa majaribio. Lazima waonyeshe kwamba mahali pale panakalika, na hadi hapo hutaletewa wengine.

Sasa sikilizeni uchumi wake. Koloni lako lina kitu kimoja tu ambacho Dunia inakitaka, nayo ni madini adimu. Unachimba, unapakia kwenye roketi, unauza, unapata fedha. Na kwa fedha hizo unanunua Duniani vitu usivyoweza kujitengenezea, hasa vifaa vya kielektroniki na vipuri vya mashine, hizo ambazo sisi mtaani tunaziita spea. Unauza mali ghafi, unanunua spea. Je, mnaufahamu uchumi wa namna hiyo? Mimi niliufahamu kabla kijana hajamaliza kueleza.

Na hapa ndipo ufundi wa mchezo ulipo. Kila ulichokijenga kinachakaa. Vumbi la Mirihi linakaa juu ya mitambo, na kila baada ya muda mtambo unadai matengenezo. Kinu cha upepo kinataka spea. Mtambo wa kuvuta maji ardhini unataka spea. Hata machimbo yale yale yanayokupatia fedha yanataka spea. Usipompa, mtambo unasimama, na hauna huruma. Kwa hiyo kila jengo jipya unalosimamisha kwa furaha ni mdomo mpya uliouongeza mezani, nao utakula kila siku hadi mwisho wa mchezo.

Mpwa wangu, kama vijana wengi na kama viongozi wengi, alipenda kujenga. Alijenga kuba la kwanza, la pili na la tatu, akaleta watu sitini na kitu. Ukitazama kwa juu, koloni lilipendeza. Taa zinawaka, watoto wamezaliwa, madini yanauzwa. Lakini ghalani palikuwa na spea za siku chache tu, na yeye anasema moyoni, zikiisha nitaagiza. Kisha dhoruba ya vumbi ikaja. Katika mchezo huu, wakati wa dhoruba roketi haiwezi kutua, na mitambo ya hewa inasimama hadi dhoruba ipite, mnaishi kwa kilichomo kwenye matangi. Spea zilikuwa zimekwisha agizwa na zimekwisha lipiwa. Roketi ikabaki inazunguka juu ya sayari, imebeba kila kitu walichokihitaji wale watu, na chini huku mtambo mmoja baada ya mwingine unazimika. Ndipo akaja kuniambia wamekufa.

Nikamtania: "Basi wewe umekuwa kama baba yako, unangoja shafti." Hakucheka. Wala mimi baada ya muda sikucheka, maana niliona kwamba nimesema kweli.

Ndugu wasikilizaji, nchi yetu iliwahi kupita katika dhoruba ya namna hiyo. Mwaka 1975 tulianza mkakati wa viwanda mama, uliopangwa kwa miaka ishirini, ili viwanda vyetu vitengeneze vitu vya kuendeshea viwanda vingine. Lilikuwa wazo la maana. Lakini tulikuwa tukiishi kwa kuuza kahawa, pamba na katani, na fedha hizo za kigeni ndizo zilizonunua mafuta, mitambo na spea. Kisha vikaja vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na bei ya mafuta ikapanda katika kipindi hicho hicho. Fedha za kigeni zikaadimika. Kiwanda kipo, wafanyakazi wapo, lakini mashine imesimama kwa kifaa ambacho ungeweza kukitia mfukoni. Watu wazima mnaonisikiliza mnayakumbuka maneno ya siku zile: "Hakuna spea."

Njooni sasa Kilombero kwenyewe. Reli ya TAZARA, inayopita Ifakara na Mlimba, ilianza kujengwa mwaka 1970 na kukamilika mwaka 1975. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, kwa mkopo wa China usio na riba. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilibeba zaidi ya tani milioni moja za mizigo kwa mwaka. Kufikia mwaka 2014 na 2015 mizigo ilikuwa imeshuka chini ya tani laki moja. Reli haikuhama wala milima haikuhama. Zipo sababu kadhaa, na ni haki kuzitaja: uhuru wa Zimbabwe mwaka 1980 na mabadiliko ya Afrika Kusini yalifungua tena njia za kusini, na malori ya barabarani yalichukua mizigo. Lakini mtu yeyote aliyesafiri kwa treni ile anaijua sababu nyingine. Injini zilikuwa zikipungua moja baada ya nyingine kwa kukosa matengenezo. Injini za mwanzo, zilizotoka China, zilielemewa na kile kipande kigumu cha mlima kati ya Mlimba na Makambako, na katika miaka ya 1980 zikaletwa nyingine kutoka Ujerumani. Sasa una injini za mataifa mawili, na spea za mataifa mawili za kutafuta kwa fedha za kigeni ambazo huna.

Lakini jambo lililonikaa rohoni zaidi ni Mang'ula.

Wasafiri wa njia ya Ifakara wanapajua Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, kati ya Ifakara na Kidatu. Wachina walipokuwa wakijenga reli waliweka pale karakana kubwa ya kuhudumia mitambo yao. Kazi ya reli ilipokwisha karakana ile haikufungashwa kurudi China. Ikawa kiwanda chetu, Mang'ula Mechanical and Machine Tools, chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC. Yaani katika bonde lile lile la mpunga na miwa palikuwa na kiwanda cha kuchonga vyuma. Huko Moshi nako, katika miaka ya 1980, kikajengwa kiwanda kingine cha zana za mashine, Kilimanjaro Machine Tools, kwa msaada wa nchi gani? Bulgaria. Nchi ile ile ambayo vijana wake wamekuja kututengenezea mchezo wa kutufundisha umuhimu wa spea.

Viwanda vyote viwili vilikuja kusimama kwa miaka mingi. Na shafti ya shemeji yangu, imefungwa kwenye gunia chini ya kiti cha basi, ilipita Mang'ula asubuhi, ikaendelea na safari yake kwenda Dar es Salaam.

Je, mafunzo yake ni kwamba tufungue viwanda vya spea kila wilaya na mambo yote yatanyooka? Hapana, na mchezo wenyewe unakataa. Usiku ule mpwa wangu alianza upya, na safari hii akajenga kiwanda cha spea mapema sana. Akashindwa tena. Kiwanda kile kinataka vyuma kila siku, kinataka umeme, kinataka wafanyakazi wenye ujuzi, na chenyewe kinadai vifaa vya kielektroniki kwa matengenezo yake, navyo vinatoka Duniani. Alikuwa amewanyang'anya wachimbaji wa madini watu na umeme, fedha zikakauka, na kiwanda cha kutibu wengine kikafa kwa maradhi yale yale. Nadhani hiyo nayo ni sehemu ya historia ya viwanda vyetu ambayo hatupendi kuisimulia. Mashine ya kutengeneza mashine nayo ni mashine.

Mara ya tatu alifanya jambo dogo. Kuba moja. Watu wachache. Kila alipotaka kujenga kitu alijiuliza kwanza: hiki kitakula spea ngapi, na zitatoka wapi? Akaweka akiba ya kupitisha dhoruba nzima kabla ya kuongeza mtu mmoja. Kiwanda cha spea alikijenga baadaye, machimbo yalipokuwa na nguvu ya kukilisha. Dhoruba ilikuja, ikakaa, ikapita. Nilipokwenda kulala, watu wake walikuwa hai.

Nisiusifu mchezo kupita kiasi. Mirihi haina wenyewe. Unachora kuba popote unapotaka, hakuna shamba la mtu, hakuna kaburi la babu wa mtu, hakuna mfugaji wala mvuvi. Bonde la Kilombero lina hao wote, na mpangaji anayelitazama kama Mirihi atakosea kabla hajaanza. Tena katika mchezo kamanda ni mmoja na kosa lake linafutwa kwa kuanza upya. Sisi hatuna kitufe hicho.

Lakini swali lile la kijana tunaweza kulichukua. Mwezi Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua TAZARA. Ni habari njema kwa Ifakara na kwa Mlimba. Sisi waandishi tutakwenda kupiga picha injini mpya, maana injini mpya inapigika picha. Naomba mmoja wetu, siku ile, ainue mkono aulize: spea zake zitachongwa wapi, na nani, na fungu la matengenezo la mwaka wa kumi limeandikwa kwenye kitabu gani? Na tuulize hivyo hivyo kwa pampu ya maji ya kijiji, kwa pawatila ya kikundi na kwa jenereta ya zahanati. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wao hawakuwa na kompyuta.

Shafti ilirudi siku ya tisa. Ilikuwa imechongwa vizuri, ikang'aa, na gharama yake pamoja na nauli ilikula faida ya wiki mbili. Wateja kadhaa walikuwa wamekwisha hamishia magunia yao kwingine. Shemeji alipoifunga na mashine ikanguruma, mpwa wangu alisimama mlangoni akasikiliza kidogo, kisha akamwuliza baba yake: "Baba, umechongesha moja tu?"

Shemeji alinyamaza. Moja tu.

Kwa leo ni hayo, ndugu wasikilizaji. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.