Kurudi Kazini Uingereza: Kodi Huhesabiwa kwa Mwaka, si kwa Mwezi
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi mkazi wa Uingereza aliyepoteza kazi anavyodai posho ya watafuta kazi, maarufu kama JSA. Leo tunamfuata hadi kwa mwajiri mpya, maana hapo ndipo ndugu zetu wengi walioko huko hushtuka: mshahara wa kwanza umeingia, lakini kodi iliyokatwa haielezeki.

Tuanze na msingi. Mwaka wa kodi wa Uingereza huanza Aprili 6 na kwisha Aprili 5. Ndani yake, mtu wa kipato cha kawaida huingiza pauni 12,570 bila kutozwa kodi ya mapato. Inayozidi hapo, kwa mkazi wa England, hutozwa asilimia 20 mpaka kipato kifike pauni 50,270. Msamaha huo hausubiri ajira. Kila mwezi unaopita, uwe kazini au umekaa nyumbani, unajijazia pauni 1,047.50, na usipoutumia unalimbikizwa hadi mwaka wa kodi uishe.

Lakini JSA nayo ni kipato. Malipo ya wasio na kazi yalianza kutozwa kodi mwaka 1982. Hoja ilikuwa kwamba si haki aliyefanya kazi nusu mwaka na kupokea posho nusu ya pili alipe kodi ndogo kuliko mwenzake aliyepata kiasi kile kile kwa mshahara mtupu. Posho haikatwi kodi inapolipwa, ila inaingia kwenye hesabu ya mwaka. Posho nyingine, Universal Credit, haimo humo. Hiyo haitozwi kodi.

Tuchukue mfano wa mtu tutakayemwita Asha. Tangu Aprili hakuwa na kazi, na jumla ya JSA aliyopokea ni pauni 2,400. Katika mwezi wa saba wa mwaka wa kodi, yaani Oktoba, anaajiriwa Manchester kwa pauni 2,400 kwa mwezi. Kufikia hapo kipato chake ni pauni 4,800, na msamaha uliolimbikizwa ni pauni 7,332.50. Hadaiwi kitu. Mwezi unaofuata pia hadaiwi. Mwezi wa tatu kazini anakatwa kama pauni 34 tu. Mwaka ukiisha amepata pauni 16,800, na kodi yake halali ni pauni 846.

Hayo yanategemea mwajiri kuijua historia yake, na historia hiyo hubebwa na fomu ya P45. Wengi wanajua kwamba P45 hutolewa na mwajiri unapoacha kazi. Wasilolijua ni kwamba ofisi ya JSA nayo huitoa unapofunga madai. Mpe mwajiri mpya sehemu ya 2 na ya 3, ubaki na ile ya 1A.

Usipokuwa nayo, mwajiri atakujazisha fomu ya mfanyakazi mpya yenye kauli tatu. Kauli A inasema hii ni kazi ya kwanza tangu Aprili 6 na hukupokea posho inayotozwa kodi. B inasema hii ndiyo kazi yako pekee sasa, ila tangu Aprili 6 uliwahi kuwa na kazi nyingine au kupokea posho kama JSA. C ni ya mwenye kazi nyingine au pensheni.

Asha anapaswa kuchagua B. Atawekwa kwenye kodi ya dharura, ambayo slipu ya mshahara huionyesha kwa msimbo 1257L M1: kila mwezi unahesabiwa peke yake, kana kwamba iliyotangulia haikuwepo. Atakatwa pauni 270.50 kila mwezi. Kwa miezi sita ni 1,623, yaani 777 zaidi ya anazodaiwa. Akichagua A kwa kuhofia makato, JSA itaachwa nje ya hesabu, na baadaye atadaiwa pauni 480. Akichagua C kwa kubahatisha, mshahara wote utatozwa asilimia 20 kuanzia pauni ya kwanza.

Kodi iliyozidi haipotei. Mamlaka ya kodi, HMRC, ikishapata taarifa zako humtumia mwajiri msimbo mpya usio na M1, na ziada hurudi pamoja na mshahara unaofuata. Mwaka ukiisha kabla ya marekebisho, HMRC hukuletea hesabu yake, na unaweza kudai marejesho hadi miaka minne baada ya mwaka huo wa kodi. Lakini usisubiri. Fungua akaunti yako ya kodi mtandaoni, hakiki kama JSA na mshahara vimeandikwa sawasawa, kisha piga simu HMRC ikiwa M1 bado ipo. Mhasibu wa kampuni hawezi kuiondoa kwa kuombwa tu. Anangoja agizo la HMRC.

Mchango wa Bima ya Taifa ni hesabu nyingine kabisa. Kwa mwajiriwa wa kawaida huhesabiwa kwa kila kipindi cha malipo bila kutazama nyuma, kwa hiyo Asha atauona kwenye slipu ya kwanza hata kama kodi yake ni sifuri.

Wiki ijayo: mwenye kazi mbili agawe vipi msamaha wake wa kodi.